Saa Thelathini na Moja za Mama Funguo

Kama umewahi kupanda hadi ghorofa ya pili ya jengo lile, Mama Funguo ulimsikia kabla hujamwona. Funguo arobaini na tatu zinaning'inia kiunoni mwake, kwenye pete nene ya chuma ambayo mumewe aliikunja kwa mikono yake, enzi mikono yote miwili ilikuwa bado inafanya kazi. Akianza kutembea, korido nzima inajua anakuja. Jina lake halisi limo kwenye orodha ya wafanyakazi, lakini katika miaka kumi na tisa aliyohudumu Idara ya Jinsia na Masomo ya Wanawake hakuna aliyelitamka, hata siku walipompa cheti cha utumishi wa muda mrefu. Cheti kiliandikwa "Mhudumu wa Idara". Wakapiga makofi, wakapiga picha, wakamwomba akusanye vikombe.

Mhudumu wa ofisi maana yake ni kila kazi isiyo na mwenyewe. Anafungua milango saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anapiga deki, anachemsha chai, anapeleka barua, anatoa kopi, anapanda kiti kubadilisha balbu, anamwelekeza mwanafunzi aliyepotea. Na kila baada ya miezi miwili anabana kwa stepla kurasa za Habari za Idara, lile jarida jembamba linalotangaza nani kasafiri kwenye mkutano gani na nani kapata shahada gani, halafu anazunguka kuliweka mlango kwa mlango.

Wala si watu wabaya wale, tuseme ukweli. Wanamsalimia. Wanamuuliza mgonjwa wake wa nyumbani anaendeleaje, ingawa wengi huuliza huku wanatembea, na jibu likitoka wao wameshafika kwenye ngazi. Juu ya mlango wa Profesa, mama wa makamo ambaye ndiye mkuu wa idara, kumebandikwa bango la maandishi mekundu: KILA MWANAMKE ASIKIKE. Mama Funguo hulifuta vumbi kila Jumatatu.

Basi Jumatano moja alikuwa amekaa chumba cha kopi na nakala mia mbili za Habari za Idara mbele yake. Huwa halisomi. Ukibana jarida miaka kumi na tisa unajua kilichomo hata ukifumba macho. Lakini siku hiyo stepla ilikwama kwenye ukurasa wa tatu, na alipokuwa anachokonoa pini iliyopinda kwa kisu cha mkate, macho yakamwangukia kwenye kichwa cha habari. IDARA YAPATA CHUMBA KIPYA CHA UTAFITI WA WANAWAKE.

Akasoma. Utafiti wa idara, lilisema jarida, umeonyesha kwamba wanawake wanaofanya kazi chuoni wana wastani wa saa nne na dakika kumi za mapumziko kila siku. Kwa hiyo haja ya kuwa na chumba cha watoto imepungua sana. Ofisi ya Msajili imependekeza chumba hicho kikabidhiwe idara, na idara imepokea kwa shukrani, na Baraza la chuo litapitisha jambo hilo Ijumaa saa nne asubuhi.

Akasoma tena, safari hii kwa kidole. Saa nne na dakika kumi. Akacheka peke yake, kicheko kikavu kilichomkwaruza koo, kisha kicheko kikakatika na damu ikampanda kichwani.

Chumba cha watoto ni chumba kimoja tu nyuma ya jengo, dirisha linatazama bomba la maji, mikeka kumi na mmoja, mlezi mmoja mwenye subira ya ajabu na watoto kumi na wanne wa wapishi, wafagiaji na wapiga chapa. Mmoja wa hao ni Kidoti, mjukuu wa Mama Funguo, mwaka mmoja na miezi kumi, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi kidevuni. Mama yake Kidoti anashona kola za mashati kiwandani, na geti la kiwanda linafungwa saa moja kamili, hawana simile. Baba yake Kidoti alikwenda kutafuta maisha na mpaka leo anayatafuta. Nyumbani kuna mgonjwa, mume wa Mama Funguo, dereva wa lori wa zamani ambaye kiharusi kilimlaza upande mzima wa kushoto miaka mitano iliyopita. Chumba kikifungwa, mmoja kati ya mama na binti ataacha kazi. Hesabu yake haihitaji shahada. Na nyumba ile haisimami kwa mguu mmoja.

Lakini kilichomuunguza zaidi hakikuwa hicho. Fomu za utafiti ule alizigawa yeye.

Miezi minne nyuma walimwita wakamweleza vizuri kabisa. Msajili, bwana mwenye amri juu ya majengo yote ya chuo, alikuwa amekikodolea macho kile chumba. Idara ikataka kukitetea kwa takwimu, ionyeshe wanawake wa chuo wanavyobanwa na siku. Fomu mia moja na ishirini. Nani azigawe? Mama Funguo. Nani awabembeleze wapishi wa bwenini, ambao wakiona karatasi wanafikiri wanafukuzwa? Mama Funguo. Alikwenda jiko kwa jiko, akakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, akawasomea wasioona vizuri, akawaambia jazeni jamani, andikeni ukweli wote, msione haya, hizi ndizo zitakazotuokoa. Wakajaza. Zikarudi mia moja na kumi na nane, na kati ya mbili zilizokosekana moja ililiwa na mbuzi, kwa maelezo ya mwenyewe.

Fomu yenyewe ilikuwa kurasa nne, siku nzima imekatwa vipande vya nusu saa, na kila kipande kinauliza ulifanya nini na kwa dakika ngapi. Ya kwake aliijaza kwa uaminifu, akitembea nayo kwenye mfuko wa aproni kutwa nzima. Saa kumi na moja alfajiri: kupika uji, dakika thelathini, kumwosha mume na kumgeuza, dakika thelathini, kumwangalia mtoto asiguse jiko, dakika thelathini. Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ni chumba na sebule, jiko liko hatua tatu kutoka kitandani, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine kwenye kitambaa, na jicho kwa Kidoti. Saa saba mchana: kurudi nyumbani kumlisha mume, dakika thelathini, kufua mashuka yake, dakika thelathini. Akaandika hivyo hivyo mpaka usingizi ulipomchukua.

Sasa mtu aliyeandika hivyo, saa nne na dakika kumi za mapumziko anazitoa wapi?

Ndipo akalikumbuka boksi. Wiki tatu zilizopita Daktari alimkabidhi boksi lililofungwa kwa utepe wa gundi, akamwambia alipeleke likachomwe. Daktari huyu si wa sindano, ni wa vitabu, msichana wa miaka thelathini na kidogo aliyesomea takwimu, mwepesi wa kutabasamu. Shimo la kuchomea taka lilikuwa limejaa maji ya mvua, kwa hiyo boksi likabaki stoo. Mama Funguo akaacha stepla ilivyo, akaenda stoo, akalipasua kwa kile kile kisu cha mkate.

Zilikuwa fomu. Alizitambua kabla ya kuzisoma, kwa madoa ya mafuta ya wapishi, kwa ile iliyojazwa kwa penseli ya mtoto, kwa ile iliyoloa ikakauka. Sabini na moja. Alizihesabu mara mbili. Kila moja imepigwa mstari mwekundu na neno BATILI. Ya kwake ilikuwa ya tano kutoka juu, mshiriki namba themanini na tatu, na chini ya ukurasa wa mwisho mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: Jumla saa 31. Haiwezekani.

Alikaa juu ya ndoo ya deki akalitazama neno hilo. Aliwajua waliobaki, wale arobaini na saba ambao fomu zao zilikubaliwa. Si ndiye aliyezigawa? Walikuwa walimu wenye wasaidizi wawili nyumbani, wapiga chapa wasio na watoto, na yule bibi wa maktaba anayeishi na paka. Heri yao, hana kinyongo nao. Lakini kila mwanamke aliyefanya kazi mbili kwa wakati mmoja alikuwa ndani ya boksi, na boksi lilitakiwa kuwa majivu. Alihisi hasira ya aina ambayo hakuwa nayo tangu ujana, ile inayomfanya mtu avute pumzi polepole kwa kuogopa mikono yake mwenyewe.

Alimkuta Daktari ofisini kwake, akaiweka fomu mezani. Daktari akaona aibu kidogo, kwanza kwa kuwa fomu haikuchomwa. Halafu akaeleza kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kompyuta imewekewa kikomo. Siku ina dakika elfu moja mia nne na arobaini, na fomu yoyote inayozidi hapo ina makosa, inaondolewa, ndivyo utafiti unavyofanywa kote. Si kwamba Mama kadanganya, hapana. Ni kwamba kwa kila nusu saa ilitakiwa achague kazi moja tu, ile kuu.

Mama Funguo alimtazama yule msichana, aliyechemshiwa naye chai ya tangawizi siku alipotetea shahada yake na sauti ikamkauka kwa woga.

"Nichague ipi?" aliuliza. "Saa kumi na moja alfajiri, uji, mgonjwa, mtoto. Niambie wewe uliyesoma, ipi si kuu, ili kesho nisiifanye."

Daktari akaitazama tena fomu. Akasema angezungumza na Profesa. Mama Funguo akamwambia asijisumbue, Profesa yuko hatua nane kutoka pale na yeye ana miguu.

Profesa alimkaribisha kiti. Hilo lilimuudhi zaidi, maana katika miaka kumi na tisa kiti kile alikifuta tu. Alisikilizwa mpaka mwisho. Profesa akatikisa kichwa kwa huruma, akasema anauelewa uchungu wake, akasema hata yeye ni mama. Lakini jarida limeshachapwa, ajenda ya Baraza imeshasambazwa, na kwa kweli idara imehangaikia chumba cha utafiti kwa miaka sita, itakuwa ushindi mkubwa kwa wanawake. Toleo lijalo wataweka maelezo mafupi kuhusu fomu zilizoondolewa. Mama Funguo akauliza kama maelezo mafupi yataweza kumshika Kidoti asiangukie bomba la maji. Profesa akasema, kwa sauti iliyoanza kupoa, kwamba tusiufanye utafiti kuwa suala la mtu binafsi.

Basi akasimama, akatoka, akapita chini ya lile bango. Alitamani alibandue kwa kucha, mbele yao wote. Hakufanya. Alirudi chumba cha kopi akamalizia kubana, ila kila alipobonyeza stepla meza ilitikisika.

Jioni nyumbani hakuweza kuficha, na mumewe hakuhitaji kuambiwa. Mtu aliyelala kitandani miaka mitano husoma uso wa mkewe kuliko gazeti. Binti alipofika na kusikia habari, alimvua Kidoti viatu, halafu akasema ataacha yeye kiwanda, mama ana miaka mingi kazini, asiharibu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomchoma Mama Funguo. Binti huyu alisubiri miaka miwili kupata ile cherehani. Juzi tu walikuwa wamemwambia huenda akafanywa msimamizi wa meza.

Mgonjwa akagonga ukingo wa kitanda kwa mkono mzima, dalili kwamba anataka kusema. Maneno yake siku hizi hutoka upande mmoja wa mdomo na huchukua muda, na wao wamejifunza kungoja. Akataka aonyeshwe fomu. Akaitazama sana, kwa jicho la mtu aliyejaza vitabu vya safari vya lori kwa miaka ishirini na sita. Akasema wale watu wa chuo ni wajinga. Kwenye lori ukibeba abiria na mzigo unaandika vyote viwili, abiria mstari wake, mzigo mstari wake, na barabara ni ile ile moja. Hakuna tajiri wa lori aliyewahi kusema haiwezekani. Halafu akacheka kwa nusu yake ya uso, akasema yeye na uji wanagombea ukuu, na kwamba kwa uji ule wa jana yeye angeshinda. Hata binti alicheka. Mama Funguo alicheka huku machozi yanamtoka, na hasira ikabaki pale pale ilipo.

Alhamisi alipewa bahasha thelathini na nne kuwawekea wajumbe wa Baraza, kila moja nakala ya Habari za Idara na ajenda. Alifunga mlango wa chumba cha kopi kwa ufunguo. Fomu za wenzake hakuzigusa, kwani mle ndani mna mambo ya nyumba za watu, kuna mmoja aliandika saa tatu usiku "kumngoja mume atulie", na hilo si la kusomwa na mabwana wenye tai. Aliichukua ya kwake peke yake. Akatoa kopi thelathini na nne, kurasa zote nne, na lile neno jekundu likatoka jeusi lakini likasomeka vizuri. Juu ya kila moja akaandika kwa mkono wake: Mimi ndiye ninayewaletea chai. Akazibana moja moja kwenye ukurasa wa tatu wa jarida. Stepla haikukwama hata mara moja. Alijua kabisa kwamba unga unaweza kumwagika kwa kazi ile, na akaendelea kubana.

Ijumaa asubuhi alifika na Kidoti mkono mmoja na mfuko wa nepi mkono mwingine, akakuta chumba cha watoto kimefungwa. Kufuli jipya, kubwa, linang'aa. Baraza lilikuwa halijakaa, halijasema neno, na Msajili keshatuma fundi. Mlezi alikuwa amesimama nje na watoto tisa, akina mama wanapiga simu huku na huku, mmoja ameshaanza kulia. Mama Funguo alijaribu funguo zake zote, ingawa alijua. Alizijaribu moja baada ya nyingine kwa ukaidi mtupu, mpaka Kidoti akaanza kulalamika. Kisha akachomoa mbeleko kwenye mfuko, akamtupa mtoto mgongoni, akafunga fundo kifuani, akapanda ngazi kwenda kuchemsha chai.

Saa nne kamili ukumbi wa Baraza ulikuwa umejaa. Mama Funguo aliingia na chupa mbili za chai, Kidoti mgongoni amelala shavu limebanwa. Profesa alimwona akamkonyeza atoke. Hakutoka. Alianza kumimina kutoka mwisho wa meza kama kawaida, na vile watu wanavyomzoea mtu wa chai, wengi hawakuinua macho.

Mwenyekiti wa Baraza, mzee mstaafu mwenye miwani minene, alikuwa amefungua bahasha yake. Akapekua. Akasita kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, akasoma kimya ukurasa wa kwanza, akaenda wa pili, akarudi wa kwanza. Kisha akauliza hii imetoka wapi. Ukumbi mzima ukaanza kupekua. Profesa akasema haraka kwamba ni makosa ya ubanaji, wajumbe waipuuze.

"Si makosa," alisema Mama Funguo. "Nimeibana mimi. Ni yangu."

Mzee alimtazama, akamtazama na mtoto. Akasema, si kwa ubaya, kwamba hapa anaona jumla ya saa thelathini na moja, na angependa kujua siku hiyo mama ameipata wapi.

Kikombe cha mzee kilikuwa kitupu. Mama Funguo akainama kukijaza, mkono wa kulia kwenye chupa, wa kushoto ukimsukuma Kidoti juu asiteleze, maana alikuwa ameamka na anajinyoosha. Chai ikapanda mpaka kwenye ule mstari wa dhahabu wa kikombe, ikaishia hapo. Hakuna tone lililodondoka.

"Mume wangu alikuwa dereva wa lori," alisema. "Akibeba abiria na mzigo anaandika vyote viwili, na barabara ni moja. Mimi niliandika mizigo yangu yote. Wao wamenipimia barabara, wakaona haiwezekani, wakaniambia nikajichome mwenyewe. Na si mimi tu, tuko sabini na moja stoo."

Mzee akauliza, sasa kwa sauti ya chini, kwa nini mtoto yuko mgongoni kazini.

"Chumba mlichokuja kukijadili kimefungwa tangu alfajiri, mheshimiwa. Nina funguo arobaini na tatu hapa kiunoni, na hakuna hata mmoja unaoingia."

Akasogea kwa mjumbe wa pili na kuendelea kumimina. Watu wote sasa walikuwa wanatazama mikono yake. Mzee aligeuka kwa Msajili akataka kujua ni nani aliyetoa amri ya kufuli kabla ya kikao, na Msajili akawa anatafuta kitu muhimu sana ndani ya faili lake. Daktari, aliyekuja na Profesa, aliulizwa kama ni kweli fomu sabini na moja kati ya mia moja na kumi na nane ziliondolewa. Alisema ni kweli. Aliulizwa kama aliona ajabu kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa chuo wamekosea kwa namna moja. Yule msichana aliinamisha kichwa, na Mama Funguo, pamoja na hasira zake zote, alimwonea huruma kidogo, akamwongezea sukari.

Baraza likaamua chumba kisiguswe mpaka fomu zote zihesabiwe upya. Jumatatu kufuli lilikuwa limeondolewa na watoto kumi na wanne wako kwenye mikeka yao. Binti yake hakuacha kiwanda. Wapishi walimtumia Mama Funguo sahani iliyofunikwa, na ndani yake walikuwa wameweka kila kilicho kitamu jikoni siku hiyo.

Ukifikiri hadithi inaishia hapo, hujawahi kufanya kazi ofisini.

Jumanne yake ikaja barua ya onyo. Kuingilia waraka rasmi wa ofisi, kutumia mashine ya kopi bila kibali, kuleta mtoto katika kikao. Imesainiwa na Profesa. Na kwa kuwa barua zote za idara hupelekwa na mhudumu, alijipelekea mwenyewe, akajisainia kitabu cha kupokelea, akaifungulia kabati, akaifaili. Hakuna aliyeona kichekesho katika jambo hilo isipokuwa mumewe, aliyetaka asimuliwe mara tatu.

Miezi miwili ikapita na Habari za Idara ikatoka. Nakala mia mbili, chumba cha kopi, stepla. Safari hii alisoma. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene: IDARA YAGUNDUA SAA ZILIZOFICHIKA ZA WANAWAKE. Picha kubwa, Profesa na Daktari wanatabasamu, wameshika cheti kutoka mkutano wa nje. Maelezo yalisema kwamba baada ya kuzihakiki fomu kwa kina, watafiti wamebaini kuwa wanawake hufanya kazi mbili hata tatu kwa wakati mmoja, na wamebuni njia mpya ya kuzihesabu. Mfano mmoja ulitolewa, wa mshiriki wa saa thelathini na moja, "ambaye jina lake limehifadhiwa".

Limehifadhiwa wapi, alijiuliza. Makabati yote ya idara ile ana funguo zake, na humo hajawahi kuliona.

Hakulia, wala hakwenda kugonga mlango wa mtu. Ile barua ya onyo ilisema kosa jingine moja ni la mwisho, na Kidoti alikuwa chini pale, sauti yake inasikika dirishani anamgombeza mtoto mwenzake. Hasira ilimkaa kifuani imara. Alibana nakala zote mia mbili, akazipanga, akasawazisha kingo.

Chini ya jarida walikuwa wamemwachia rundo la fomu mpya za kugawa, utafiti wa awamu ya pili. Sasa zina safu mbili: Kazi Kuu na Kazi Nyingine kwa Wakati Huo Huo. Juu kabisa kuna kisanduku, na ndani yake maandishi madogo: Tafadhali usiandike jina.

Mama Funguo akachukua ya kwanza. Ndani ya kisanduku, juu ya yale maandishi madogo, akaandika jina lake kamili alilopewa na baba yake, na la baba, na la babu, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapokea alama. Kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Akatafuta mstari wake. Kazi Kuu: kubana jarida, dakika thelathini. Akahamia safu ya pili, akafikiri kidogo, akajaza.

Kukasirika, dakika thelathini.